Brighton: Jina la Mwenye Shamba Lililogeuka Jina la Raha za Pwani

Watazamaji wa Ligi Kuu ya Uingereza wamelizoea jina Brighton tangu timu ya mji huo ilipopanda daraja mwaka 2017, na wengi wao wanajua kwamba ni mji wa pwani ya kusini, mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka London. Mtu aliyesoma Kiingereza kidogo akilitazama jina hilo huona mara moja neno bright, lenye maana ya kung'aa, mwanzoni mwake, akaridhika kwamba mji uliitwa hivyo kwa sababu ya jua na bahari. Maelezo hayo yanapendeza lakini si ya kweli. Jina hilo halikutungwa ili kuusifu mji. Ni jina la mtu mwenye shamba, lililokatwakatwa na ndimi za watu kwa muda wa karne nyingi hadi sehemu iliyobaki ikafanana na sifa. Ili kulielewa inabidi kutenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa: maana ambayo jina lilizaliwa nayo, na maana ambayo watu wamelipa baadaye kwa kulitumia. Katika majina mengi ya miji mambo haya mawili hayagongani sana. Katika Brighton yameachana kabisa, na hiyo ndiyo sababu ya kuuchagua mji huu badala ya Bournemouth, ambao jina lake linasema tu kwamba upo penye mdomo wa kijito cha Bourne, au Blackpool, uliopata jina lake kutokana na dimbwi la maji meusi.

Tuanze na mwenye shamba. Wataalamu wa majina ya mahali wanakubaliana kwa wingi kwamba umbo la kwanza la jina hili lilikuwa Beorhthelmes tun, maneno ya Kiingereza cha Kale, lugha waliyoisema Waanglo-Saksoni kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066. Tun ilikuwa boma, yaani eneo lililozungushiwa uzio pamoja na nyumba na mashamba yake, na ndilo neno lililokuja kukua hadi likawa na maana ya mji katika Kiingereza cha leo. Beorhthelm ni jina la mwanamume, na herufi zilizofuata zinaonyesha umilikaji. Kwa hiyo mahali hapo palikuwa kwa Beorhthelm, kwa namna ile ile ambayo abiria wa Dar es Salaam hushuka Mtoni Kwa Aziz Ali na watu wa Kitui huenda Kwa Vonza. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi jinsi jina la mtu linavyoweza kushika ardhi hata baada ya mwenyewe kuondoka.

Beorhthelm mwenyewe ni nani? Kumbukumbu za karne ya 10 zinataja maaskofu zaidi ya mmoja wenye jina hilo, na mmoja wao alikuwa askofu wa Selsey, jimbo lililokuwa katika eneo hilo hilo la Sussex. Haishangazi kwamba watu wa baadaye walitamani kumfanya askofu kuwa mwanzilishi wa mji wao. Hakuna hati inayowaunganisha. Jina hilo lilikuwa la kawaida miongoni mwa watu wa tabaka lenye ardhi, na mtu aliyeliachia boma hili huenda hakuwa na umaarufu wowote nje ya mipaka yake.

Muundo wa jina lenyewe unastahili maelezo, kwa sababu ndani yake ndimo linamopatikana lile neno la kung'aa. Waanglo-Saksoni walipenda kuwapa watoto majina yaliyoundwa kwa kuunganisha maneno mawili. Beorht ilikuwa na maana ya angavu, na helm ilikuwa kofia ya chuma ya vitani au, kwa upana zaidi, kinga. Ni kosa kulitafsiri jina zima kuwa kofia inayong'aa, kwa maana wazazi walichagua kila nusu kwa uzuri wake au kwa kuwa nusu hiyo ilikuwemo katika majina ya jamaa zao, bila kulazimika kutoa maana moja kamili. Nusu zote mbili bado ziko hai, na ziko hai hata Afrika Mashariki. Kila anayeitwa Albert, Robert au Gilbert anabeba mwishoni mwa jina lake neno hilo hilo la kung'aa katika umbo lake la Kijerumani, na kila anayeitwa William, ambaye kwa Kijerumani ni Wilhelm, anabeba ile kofia. Kwa hiyo wanaosema kwamba jina la Brighton lina neno la kung'aa hawajakosea kuhusu neno. Wamekosea kuhusu kinachosifiwa. Aliyetakiwa kung'aa alikuwa mtoto mmoja siku alipopewa jina.

Sasa twende kwenye maandishi. Mwaka 1086, kwa amri ya Mfalme William wa Kwanza, ilikamilishwa hesabu kubwa ya ardhi na mali ya Uingereza iliyo katika kitabu kiitwacho Domesday. Humo mahali hapa panaandikwa Bristelmestune. Tofauti kati ya umbo hilo na lile la awali inatokana na masikio ya makarani. Herufi h katika Beorht haikuwa bubu. Ilitamkwa kooni, karibu na kh tunayoisikia katika sabalkheri, na mara baada yake ilifuata t. Waandishi waliokuwa wamezoea Kifaransa na Kilatini hawakuwa na mfuatano huo wa sauti katika lugha zao, hivyo wakaandika st, sauti ya karibu waliyoiweza. Baadaye waandishi Waingereza waliirudisha sauti ya koo kwa kuiandika gh. Wakati sauti yenyewe ilipotoweka katika matamshi ya kusini mwa Uingereza, herufi zilibaki pale pale, na ndiyo maana leo tunaandika Brighton lakini tunasema Braiton.

Kitabu hicho kinatuonyesha pia pale palikuwa mahali pa namna gani. Moja ya milki zake ilitozwa kodi ya samaki 4,000 aina ya heringi. Hiyo ndiyo hali ya mahali hapo kwa karne saba zilizofuata: kijiji, kisha mji mdogo wa wavuvi, usio na bandari ya kujikinga, ambao Wafaransa waliuchoma moto mwaka 1514 na ambao dhoruba za mwanzoni mwa karne ya 18 zilizibomoa nyumba zake zilizokuwa chini ya mwamba. Hakuna kitu katika maisha hayo ambacho kingemfanya mtu auite mji unaong'aa.

Zaidi ya namna 40 za kuliandika jina hilo zimeorodheshwa na watafiti, na sina haja ya kuzipitia. Iliyoshinda kuanzia karne ya 14 hadi ya 18 ilikuwa Brighthelmstone, na hapa msomaji hukutana na mtego wa pili. Mwisho wa umbo hilo unafanana na stone, neno la Kiingereza lenye maana ya jiwe, na wako waliodhani kwamba palikuwa na jiwe la Brighthelm, mnara au alama ya mpaka. Kuna hata pendekezo linalolitafuta jina zima katika maneno ya bonde lenye mawe. Ufafanuzi wa kwanza unavunjika mara moja tukiigawa silabi mahali panapostahili: s ni ya umilikaji, mali ya Brighthelm, na sehemu iliyobaki ni tun ile ile iliyoongezewa e isiyotamkwa. Pendekezo la bonde halijapata wafuasi wengi, kwa kuwa linalazimika kuyapuuza maandishi ya zamani zaidi ambayo yote yanaelekea kwa Beorhthelm. Kwa maoni yangu hili ndilo funzo kubwa kwa yeyote anayetafuta asili ya jina la mahali popote: umbo la leo ndilo shahidi dhaifu kuliko wote, na umbo la zamani zaidi lililoandikwa ndilo la kusikilizwa kwanza. Hata hapo pana jambo la kutahadhari, kwa kuwa majina yenye tun ni mengi katika ukanda huo wa pwani lakini ni machache kati ya hayo yanayoambatana na jina la mtu. Lakini jina la mtu lingeweza kushika ardhi huko hata bila tun: si mbali na Brighton, mji wa Bognor ulianza kama ufuo wa Bucge, na Bucge lilikuwa jina la mwanamke. Wenye ardhi wa Sussex hawakuwa wanaume peke yao.

Umbo fupi, Brighton, linaonekana katika maandishi kuanzia mwaka 1660. Sababu yake ni ya matamshi. Kiingereza huitilia mkazo silabi ya kwanza ya majina ya namna hii na kuzimeza zinazofuata, kwa hiyo helm na s zilifinywa hadi zikapotea, na bila shaka wenyeji walikuwa wakilifupisha mdomoni muda mrefu kabla ya karani yeyote kuthubutu kuliandika hivyo. Kwa zaidi ya miaka 100 maumbo mawili yaliishi pamoja, lile refu katika hati na ramani, lile fupi katika mazungumzo. Jina refu liliendelea kuwa rasmi hadi mwaka 1810.

Kilichoamua mashindano hayo ni maji ya bahari. Mwaka 1750 daktari Richard Russell wa mji wa Lewes, ulio jirani, alichapisha kwa Kilatini maandiko yake kuhusu kutibu magonjwa ya tezi kwa maji ya chumvi, ya kuogea na hata ya kunywa, kisha akahamishia kazi yake kwa wavuvi wa Brighthelmstone. Wagonjwa matajiri wakamfuata, na nyuma ya wagonjwa wakaja wenye afya njema. Mwaka 1783 alifika kijana George, mwana wa mfalme na mrithi wa kiti, akaupenda mji kwa sababu ulikuwa karibu na London na mbali na baba yake. Alianza na nyumba ya shamba aliyoikodi. Kati ya 1815 na 1822 msanifu John Nash akaigeuza kuwa Royal Pavilion, kasri lenye makuba ya kuiga majengo ya India, ambalo bado linamshangaza kila anayetokea stesheni. Wageni hao wote walikuja na haraka yao ya kimjini, na wenye haraka hawakuwa na nafasi ya silabi isiyo na kazi. Reli kutoka London ilipokamilika mwaka 1841, Brighthelmstone lilikuwa tayari ni jina la wanahistoria. Mji uliokuwa na watu wapatao 7,000 mwaka 1801 ulikuwa na zaidi ya 120,000 karne moja baadaye.

Hapa ndipo jina lilipopata maana yake ya pili. Brighton ikaanza kuwa aina ya mahali: ufuo wenye hoteli zilizopangwa kuitazama bahari, gati la kutembea lililoingia majini, muziki, mapenzi ya siri, mapumziko ya siku moja kwa mfanyakazi wa London mwenye tiketi ya bei nafuu. Ufuo wenyewe ni wa kokoto, si wa mchanga, na bahari yake ni baridi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hayo hayakuizuia maana hiyo mpya kusambaa. Wauza peremende wa miji ya pwani ya Uingereza hutengeneza fimbo za sukari zenye herufi za jina la mji ndani yake kutoka mwanzo hadi mwisho, na za Brighton ni miongoni mwa zinazojulikana sana. Katika fimbo hizo jina limekuwa bidhaa, na huyo Beorhthelm hayumo tena.

Kabla ya kulifuata jina ng'ambo, kuna swali la matumizi linalowatatiza hata Waingereza: je, Brighton ni jiji? Jibu sahihi ni kwamba hakuna jiji lenye jina hilo peke yake. Upande wa magharibi, bila pengo lolote la kuonekana kwa macho, uko mji wa Hove, ambao ulikuwa na baraza lake na heshima yake. Miaka ya 1820 wajenzi wa nyumba za kifahari za Brunswick walijenga ndani ya mpaka wa Hove huku wakiitegemea sifa ya Brighton kuwavutia wapangaji, na mkanganyiko huo haujaisha. Mkazi wa Hove akiulizwa kama anaishi Brighton inasemekana hujibu, "Hove, kwa kweli," na jibu hilo limekuwa utani wa mji mzima. Mwaka 1997 mabaraza mawili yaliunganishwa kuwa halmashauri moja, na mwishoni mwa mwaka 2000, katika maadhimisho ya milenia, ilitangazwa kwamba halmashauri hiyo itapewa hadhi ya jiji kwa jina la Brighton and Hove. Hadhi ni ya majina yote mawili kwa pamoja. Anayeandika kwa makini ataita Brighton mji ulio ndani ya jiji hilo, na ataita jiji pale tu anapotaja jina zima.

Ni jambo la kuvutia kwamba mpira uliwatangulia madiwani. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1901 ilichagua kuitwa Brighton & Hove Albion, ikawaunganisha majirani hao miaka 96 kabla ya serikali kufanya hivyo, na ikaongeza Albion, jina la kale la kisiwa cha Britania. Watangazaji na jedwali la ligi hubakiza neno moja tu, Brighton, na kwa kufanya hivyo hurudia kile walichofanya wageni wa karne ya 18. Kwa upande wa Chuo Kikuu cha Brighton, kilichopata hadhi hiyo mwaka 1992, jina linahusu mji, wakati Chuo Kikuu cha Sussex, kilichopo nje kidogo mahali paitwapo Falmer, kimebeba jina la eneo zima tangu kilipoanzishwa mwaka 1961. Ni rahisi kwa mwanafunzi anayeomba nafasi kutoka nje kuvichanganya vyuo hivi viwili.

Nje ya Sussex jina hilo limesafiri kwa njia mbalimbali. Huko Massachusetts, Marekani, watu waliojitenga na Cambridge mwaka 1807 waliuita mji wao Brighton. Yaani walilitumia umbo fupi kirasmi miaka mitatu kabla ya mji wenyewe wa Uingereza kufanya hivyo. Mji huo ulijulikana kwa soko lake la ng'ombe, nao ukamezwa na Boston mwaka 1874. Ng'ambo ya mto Mersey, mkabala na Liverpool, mfanyabiashara James Atherton alinunua ardhi yenye vilima vya mchanga mwaka 1830, akaiita New Brighton, akitumaini kuuvuta utajiri wa wenye meli kwa jina tu. Katika Melbourne, Australia, Brighton ilianza mwaka 1841 wakati Henry Dendy alipopewa ekari 5,120 ambazo alikuwa amezilipia Uingereza bila kuziona. Leo vibanda vya rangi vya kuogea vilivyopangwa ufukweni hapo hupigwa picha na kila mgeni. Brighton Beach ya Brooklyn ilipewa jina hilo mwaka 1878 na wafanyabiashara waliokuwa wakijenga hoteli, halafu, kuanzia miaka ya 1970, wahamiaji kutoka Umoja wa Kisovyeti wakaifanya kuwa mtaa wa maduka yenye mabango ya Kirusi. Wakati huo huo iko Brighton ya Tasmania, iliyopewa jina na gavana Lachlan Macquarie mwaka 1821 kwa heshima ya makazi ya George, ambaye sasa alikuwa mfalme, na hiyo iko bara, si ufukweni. Katika miji hii maana ya umiliki haipo hata chembe. Kilichobebwa ni ile maana ya pili, ahadi ya bahari na watu wenye fedha, au kwa Macquarie, kivuli cha mfalme.

Mfano unaonigusa zaidi uko barani kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya tauni kuingia katika bandari ya Port Elizabeth nchini Afrika Kusini, wakuu wa koloni waliitumia hofu ya ugonjwa kuwahamisha Waafrika waliokuwa wakiishi karibu na katikati ya mji. Wakapelekwa nje, mahali palipoitwa New Brighton, ambapo mwaka 1903 palianzishwa mtaa wa Waafrika peke yao. Sehemu yake ya kwanza ilijengwa kwa mabati ambayo kutu iliyageuza kuwa mekundu kiasi kwamba wakazi waliiita Red Location. Jina lililokuwa likiuza vyumba vya hoteli kwa matajiri wa Liverpool na New York hapa lilibandikwa juu ya makazi ambayo mtu hakuyachagua. Sioni namna ya kulieleza jina la Brighton kwa ukamilifu huku ukiiacha New Brighton hii tanbihini, kwa sababu hapa ndipo inapoonekana wazi kwamba maana ya jina la mahali hutegemea ni nani aliyelileta na ni nani aliyelazimika kuishi ndani yake.

Wakazi hao ndio waliolipa jina maana ya tatu. Tarehe 26 Juni 1952, siku ya kwanza ya kampeni ya kukaidi sheria za ubaguzi, mwanaharakati Raymond Mhlaba aliliongoza kundi la wenzake kupita katika lango la Wazungu peke yao la stesheni ya New Brighton, wakakamatwa. Miaka 12 baadaye Mhlaba alihukumiwa kifungo cha maisha pamoja na Nelson Mandela. Mwigizaji John Kani alizaliwa hapo hapo, na kundi la maigizo la Serpent Players lilianzia huko katika miaka ya 1960. Kwa Mwafrika Kusini anayejua historia yake, New Brighton ni jina la mapambano na la sanaa, wala hafikirii gati wala peremende anapolisikia. Mwaka 2021 serikali iliubadilisha jina mji wenyewe wa Port Elizabeth, ukawa Gqeberha, na jina ambalo kaimu gavana wa Kiingereza aliupa mji kwa kumkumbuka mkewe likaondoka katika ramani. New Brighton ilibaki na jina lake.